Hatua Sabini za Baba Mdogo

Juzi mzee mmoja kutoka Kiminini aliingia katika chumba changu cha kazi akiwa na buti za mpira zenye tope, akaanza kutembea sakafuni. Mimi huchapa mikataba ya mashamba hapa Kitale, kwenye chumba chenye kompyuta moja, printa moja, na benchi la wateja. Mzee alitaka nielewe ukubwa wa shamba analokodisha, na maneno hayakumtosha. Alitoka mlangoni hadi ukutani, hatua nne, akageuka, akarudi, akihesabu kwa sauti, buti zikipiga simiti kwa mwendo wa mtu asiye na haraka. Alipofika kumi na mbili nilikuwa nimeacha kuchapa. Vidole vilikuwa juu ya herufi, lakini masikio yangu yalikuwa yamekwenda Bungoma, kwa Kukhu, bibi yangu mzaa baba, siku mama yangu alipopimiwa eka yake.

Habari ya siku hiyo nimewahi kuisimulia nusunusu. Leo nataka kuisimulia yote, hata ile sehemu inayonifanya nitazame chini.

Nilikuwa na miaka kumi na moja. Tuliishi mtaa wa Kipsongo, hapa hapa Kitale, mimi na mama, katika chumba cha mabati ambacho mvua ikinyesha hatukusikizana. Baba alikuwa amefariki miaka minne kabla. Mama alikuwa fundi wa nguo: alishona sare za shule na kubadilisha zipu kwa cherehani ya miguu aliyoiweka mlangoni ili apate mwanga. Mimi nilikuwa mtoto wa kujitesa. Nikiandika neno vibaya nilirarua ukurasa mzima, si mstari tu. Mama akanikataza kurarua, nikaanza kunakili upya usiku ule ule, na nikigundua kosa jipya nililia kwa hasira. Hakuna aliyenilazimisha. Mwalimu wangu alikuwa na wanafunzi themanini darasani na hakuwa na nafasi ya kujua kwamba mmoja wao hulia kwa sababu ya koma.

Hazina yangu ilikuwa kamusi ya Kiingereza isiyo na jalada. Mama mmoja wa maandazi alikuwa akiichana kufungia wateja, akiianza kutoka nyuma, na nilipoiokoa alikuwa amefika herufi S. Kwa hiyo maneno yanayoanza na T hadi Z niliyajua kwa kubahatisha. Lakini mwanzo wote ulikuwepo, na neno *acre*, ambalo sisi tunaliita eka, lilikuwa ukurasa wa pili.

Nililitafuta kwa sababu ya Mama Jescah, jirani yetu aliyeuza mitumba. Habari zilikuwa zimefika kwamba Kukhu ameita wanawe wote na kusema kila nyumba ipewe shamba lake yeye akiwa hai, na nyumba ya marehemu itapata eka moja kama wengine. Mama alifurahi hadi akakosea mkono wa shati la mteja. Eka moja ilikuwa na maana ya mahindi ya mwaka mzima, na siku moja nyumba ya udongo ambayo hakuna mtu angetufungia mlango tarehe tano kwa sababu ya kodi. Mama Jescah akaja jioni, akaketi kwenye kigoda chetu, akaanza kumpunguzia furaha.

"Wanapima na nini?" aliuliza.

"Na miguu. Hatua sabini kwa sabini. Si ndiyo eka?"

"Miguu ya nani?"

Mama Jescah akasimulia jinsi dada yake, mjane pia, alivyopimiwa na shemeji mfupi aliyetembea kama anakanyaga mayai. Sabini zilitimia, kila mtu alihesabu, na shamba likatoka dogo kama kitambaa. Ungebishana na nani, alisema, na hesabu umeisikia na masikio yako?

Mama aliendelea kukanyaga cherehani, lakini nilimjua. Alishona mstari ule ule mara mbili.

Pale pale niliamua. Hakuna mtu angempunja mama yangu nikiwa hai. Nilifungua kamusi, nikaruka maandishi ya mshazari yaliyokuwa mwanzoni, kwa sababu niliyaona kama hadithi, nikaenda moja kwa moja mwishoni kwenye namba: yadi za mraba elfu nne mia nane na arubaini. Yadi niliijua kwa mama, ni inchi thelathini na sita za tepu yake. Kwa siku tatu nilizidisha namba pembeni mwa magazeti hadi nikaona kwamba shamba la mraba lenye yadi sabini kila upande, kasoro kidogo sana, ndiyo eka. Kumbe zile hatua sabini hazikuwa za ovyo. Zilikuwa sawa kabisa, mradi hatua iwe yadi moja.

Nikanunua kamba ya katani kwa kusaidia Mama Jescah kupanga mitumba, nikapima yadi kumi, nikafunga fundo kila yadi. Nilipomaliza nilipima tena, na nikakuta kamba imepungua, kwa kuwa mafundo yameila. Ningekuwa mtoto mwingine ningeiacha. Niliyafungua yote, vidole vikichubuka, nikashona uzi mwekundu kila mahali badala ya fundo. Tepu ya mama nilikuwa naiiba akiwa sokoni na kuirudisha kwenye msumari wake. Niliamini hajui.

Tulifika kwa Kukhu Jumamosi asubuhi, umande ukiwa bado kwenye majani. Shamba lilikuwa linateremka polepole kutoka kwenye migomba yake hadi karibu na kijito. Chini kabisa, kama mtu aliyeketi akitusubiri, kulikuwa na kichuguu.

Kichuguu hicho kilikuwa cha baba. Kwetu kichuguu kina mwenyewe, hata kama kimeota katikati ya shamba la mtu mwingine watu watajua ni cha nani. Mvua za kwanza zikinyesha, baba alikifunika kwa majani na blanketi kuukuu, akachimba shimo la kukusanyia, na tukapiga vijiti chini, ta-ta-ta-ta, hadi kumbikumbi wakatoka wakidhani mvua inarudi. Mama aliwakaanga bila mafuta, maana wanayo yao. Harufu ile ya kumbikumbi na chumvi ndiyo sura ya baba ninayoikumbuka vizuri zaidi kuliko sura yake yenyewe. Mama alikiona kichuguu asubuhi ile. Alikitazama tu, akatazama migomba, akakitazama tena, na nikaelewa anapima kwa macho.

Baba mkubwa Simiyu, kaka mkubwa wa baba, alikuwa mfupi, mnyamavu, mtu wa kukunja suruali kabla ya kukanyaga nyasi. Baba mdogo Wekesa, kitinda mimba, alikuwa mrefu hivi kwamba watoto walimwita Mlingoti. Kukhu aliketi kwenye kiti cha plastiki akiwa na bakora mapajani, akasema Wekesa ndiye atatembea.

"Kwa nini Wekesa?" Baba mkubwa aliuliza. "Mimi ndiye mkubwa."

"Wewe una viatu vizuri," Kukhu alisema. "Vitachafuka."

Watu walicheka. Baba mdogo alivua sweta, akasimama kwenye mgomba wa pembeni, akaanza. Sijawahi kuona mtu akitembea vile. Kila hatua alitupa mguu mbele kama anaruka mtaro, halafu akauvuta mwili umfuate. Vijana wakamwambia ati atapasua suruali. Yeye alihesabu bila kutabasamu, na sabini ilipotimia alikuwa amekipita kichuguu. Akapigilia kigingi hapo. Kisha akageuka na kukata upande wa pili kwa mwendo ule ule. Mama alikuwa amefunga mikono kifuani, na nilimwona akipumua kama mtu aliyetua mtungi.

Walikwenda nyumbani kwa Kukhu kunywa chai. Mimi nilibaki nyuma na kamba yangu.

Nilifunga ncha moja kwenye mgomba wa pembeni na kuvuta, nikaweka alama, nikahamisha, nikavuta tena. Kamba ilikwenda mara saba na bado kigingi kilikuwa mbele, nyuzi nyekundu saba zaidi. Yadi sabini na saba. Nikarudia, nikapata sabini na saba. Nikapima upande wa pili, sabini na saba. Nikachuchumaa na kufanya hesabu kwenye udongo kwa kijiti, na jibu likatoka elfu tano mia tisa ishirini na tisa.

Sasa ndiyo nafika pale ninapotazama chini. Nikiwasimulia watu huwa nasema nilikuwa mtoto, sikuelewa. Si kweli. Nilielewa. Nilikuwa nimekuja kuzuia mama asipunjwe, na hakupunjwa, aliongezwa karibu robo ya eka, na kichuguu cha baba kikiwa ndani yake yadi nne tu kutoka kwenye mpaka. Nilijua Baba mdogo hakukosea. Nilijua hata Kukhu alimchagua kwa nini. Ningeweza kufuta udongo kwa mguu na kwenda kunywa chai. Nilikaa pale nikiitazama ile namba, na ilinisumbua kama jiwe kwenye kiatu. Haikuwa sawa. Walikuwa wanaiita eka, na haikuwa eka. Mwili wangu wote ulikataa.

Niliingia ukumbini nikiwa na kamba begani. Watu walikuwa na vikombe mkononi.

"Baba mdogo," nilisema, "hatua zako ni kubwa. Hiyo si eka moja. Ni eka moja na karibu robo."

Nje kuku walikuwa wanapiga kelele. Baba mdogo alicheka kidogo, lakini macho yake hayakucheka.

"Ah, huyu mtoto, bana. Kunywa chai kwanza."

"Nimepima mara mbili."

Baba mkubwa aliweka kikombe chini. Aliuliza nani amenifundisha, nikasema nimejifundisha. Akaomba kamba, akaipitisha vidoleni, uzi baada ya uzi, akaiangalia kama mtu anayeangalia noti. "Mimi sikuwa nimesema kitu," alisema hatimaye. "Ni mtoto wao amesema. Lakini kama kuna kamba, tupime na kamba. Kila nyumba ilipata eka. Si eka na robo."

Kukhu aligonga bakora sakafuni, akasema hatua zimeshahesabiwa mbele ya watu na hazihesabiwi mara mbili. Baba mdogo akasema hivyo hivyo. Ilionekana jambo litaishia pale, na Baba mkubwa ataondoka nalo moyoni. Ndipo mama aliposimama. Alikaza leso kiunoni kwa mikono miwili, polepole, kama afanyavyo kabla ya kubeba gunia.

"Ipimwe," alisema.

"Mama Nafula, keti," Kukhu alimwambia.

"Ipimwe, mama. Leo." Kisha akanigeukia, na sikuona hasira wala upole usoni mwake. "Nafula, shika kamba yako. Umeanza, utamaliza."

Tulirudi shambani watu wote. Baba mkubwa alishika ncha moja, na mama akaamuru mimi nishike ile nyingine kila mara kamba ilipohamishwa, kutoka kigingi cha kwanza hadi cha mwisho. Kijana mmoja alijaribu kunisaidia, mama akamwondoa. Baba mkubwa alivuta hadi katani ikalia, nami nikavuta. Yadi ya sabini iliangukia upande wa juu wa kichuguu, yadi tatu kabla yake. Baba mdogo aling'oa kigingi chake mwenyewe, akakipigilia hapo mapigo matatu, akaenda zake bila kuaga. Kichuguu kikabaki upande wa Baba mkubwa, ambaye sehemu yake ilipakana na yetu huko chini.

Hakuna aliyenipiga. Ningependa kupigwa. Usiku ule mama alikula, akaomba, akalala akiwa amenipa mgongo, na mimi nilihesabu mbao za dari hadi zikaniishia.

Jumatatu kabla jua halijatoka, Baba mdogo alirudi na plau na jozi ya ng'ombe. Nilidhani hatakuja. Hakunisalimia. Alinipa kamba ya kuwaongoza ng'ombe, akashika plau, na mama akafuata nyuma akiokota mizizi. Sikuwahi kujua kuwa shamba lina uzito. Kwenye namba zangu yadi zote zilikuwa sawa, lakini miguuni kulikuwa na yadi za mchanga laini na yadi za mizizi ya nyasi za sangari iliyoshika kama meno. Kila tulipofika mwisho wa mstari ilibidi tuwageuze ng'ombe, nao walikataa, wakakanyaga minyororo, nira ikapinda, na Baba mdogo akatukana ule mraba wangu.

"Mnaona hii kitu ya pande sawa," alisema, akimwambia mama ili nisikie mimi. "Ni kugeuka tu, kugeuka tu. Shamba linataka liwe refu, ng'ombe wanyooshe. Hii imepimwa na mtu hajawahi kushika plau."

Saa nne ng'ombe walikuwa wanatoa povu, tukawafungua, na kipande kikubwa kilikuwa kimebaki. Mama alichukua jembe, akaanza kukilima kwa mkono. Hakusema tumsaidie. Nilichukua jembe jingine. Tulilima hadi jioni, na kesho yake, na keshokutwa, na ijapokuwa kila nilipoinua kichwa nilikiona kichuguu pale ng'ambo ya kigingi, mama hakukitazama hata mara moja. Tulipanda mahindi kwa wakati. Tulivuna magunia kumi na sita. Miaka miwili baadaye alijenga nyumba, nami nikahama Kipsongo nikiwa na kamusi yangu kwenye mfuko wa sare.

Nilimaliza kidato cha nne na sikuendelea. Kompyuta nilijifunza kwa kuketi kwenye saiba za watu, vile vyumba vya kukodisha intaneti, na kufagia. Na katika siku hizo za kungoja mteja nilirudia kamusi tangu ukurasa wa kwanza, safari hii bila kuruka chochote, hata maandishi ya mshazari. Hapo ndipo nikasoma kwamba neno *acre* lilikuwepo kwa karne nyingi kabla ya namba zake. Mwanzo kabisa lilikuwa na maana ya uwanja tu, ardhi wazi, bila kipimo. Baadaye likawa shamba ambalo ng'ombe wa nira moja wangeweza kulima kwa siku. Namba zilikuja mwisho, wafalme walipotaka watu wote wakubaliane. Nikatafuta zaidi kwenye simu, nikakuta kwamba eka za kale hazikuwa za mraba hata kidogo. Zilikuwa ndefu na nyembamba, kwa sababu ng'ombe hawapendi kugeuka.

Niliweka simu chini. Watu wa mbali, wa lugha ambayo niliiheshimu kama sheria, walikuwa wamesema maneno ya Baba mdogo karibu yale yale, na wao walikuwa na haki kwa sababu ile ile: walikuwa wameshika plau. Mimi nilikuwa nimeanza kusoma neno kwenye mstari wake wa mwisho.

Basi kwa miaka mingi nilijiwekea hukumu. Nilikuwa mtoto aliyejua kuhesabu na hakujua watu. Nilimnyang'anya mama kichuguu cha mume wake ili namba ikae vizuri. Niliamini hilo hadi mwaka huu.

Kukhu alikufa miaka mitatu iliyopita. Tangu hapo hakuna msimu wa kupanda unaopita bila Baba mkubwa na Baba mdogo kupelekana kwa chifu. Sehemu ya Baba mdogo ilipimwa kwa miguu, na sasa miguu ni ya nani, na ilikuwa mirefu kiasi gani, na nani alikuwepo? Vigingi vyao vinang'oka na kuhama. Mwezi wa nne nilikwenda nyumbani, nikamkuta mama akipalilia kwenye mpaka wetu, nikashika jembe, na baada ya mistari miwili nilimwambia yote. Kwamba siku ile nilijua. Kwamba nilijua kabla ya kusema.

Hakuacha kupalilia. "Na mimi nilijua una kamba," alisema. "Tepu yangu ilikuwa inarudi msumarini imegeuzwa, namba zikiangalia ukuta. Kila siku."

"Na hukunikataza?"

"Nilikuwa naogopa Simiyu. Nilisema kamba iwepo. Halafu ndugu yake akatupa miguu vile, nikasahau kamba. Nilikitaka kile kichuguu, Nafula, usifikiri sikukitaka. Nilikuwa nimeshakila." Alinyoosha mgongo, akaegemea jembe. "Wewe ukasema. Nikaona, basi, kichuguu kimeenda. Sasa nisipoteze na kilichobaki."

Nilimwuliza kwa nini alinifanya nishike kamba hadi mwisho. Kwa miaka kumi na mitano nilidhani ilikuwa adhabu. Alinishangaa kweli, kama mtu aliyeulizwa kwa nini hufunga mlango.

"Ningempa nani?" alisema. "Wekesa? Wangesema anatupenda. Mimi? Wangesema navuta. Ilikuwa lazima ashike mtu ambaye hata Simiyu hawezi kusema anapendelea. Na pale shambani alikuwepo mmoja tu aliyekuwa amemwumiza mama yake mbele ya watu kwa ajili ya yadi saba."

Akarudi kupalilia.

Nilisimama nikitazama kigingi cha kona. Ni kile kile cha mbao, kimeoza juu, na hakuna mkono uliokigusa tangu Baba mdogo alipokipigilia. Upande wa pili Baba mkubwa alikuwa amepanda mahindi yake hadi karibu kabisa, mstari umenyooka, na alipofika kwenye kigingi alikuwa amesimama.